Barua ya wazi kwa wenye tovuti: lugha nilishawaambia, ikumbukeni

Kwenu nyote mnaosimamia tovuti, wakurugenzi mnaopitisha bajeti, mameneja mnaoamua nini kiingie wiki hii na nini kisubiri, na nyie madevelopa mnaokesha na hizo kodi za programu, habari za kazi.

Naandika kwa sababu ya shangazi yangu. Shangazi anasoma Kiswahili vizuri tu, anasoma haraka kuliko mimi, na simu yake anaitumia mwenyewe hataki kushikiwa. Wiki iliyopita alikuwa anajaza fomu ndefu kwenye tovuti ya ofisi fulani, sitaitaja, kurasa tano, na pale mwanzo kabisa alichagua Kiswahili kwa mkono wake, akaenda vizuri, ukurasa wa pili vizuri, akainuka kutafuta cheti chake akachukua kama nusu saa hivi, aliporudi akabonyeza endelea na ukurasa wa tatu ukaja wote kwa Kiingereza. Akanipigia. "Mwanangu, imegeuka tena." Hilo neno "tena" ndo lililoniuma, maana yake ashazoea. Nikamwambia abadilishe lugha pale juu, akabadilisha, tovuti ikamrudisha mpaka ukurasa wa mwanzo kabisa na vyote alivyojaza vimefutika. Akasema basi, ntafanya siku nyingine, sauti imeshuka, na mi najua siku nyingine ya shangazi maana yake ni mpaka niende nikakae naye.

Ombi langu kwenu ni moja. Mtu akishachagua lugha kwa mkono wake mwenyewe, hiyo ndo lugha yake kwenu mpaka aibadilishe mwenyewe, msimuulize kila siku, msimkisie, na msimgeuzie katikati ya safari.

Mi kazi yangu ni kutafsiri. Nimetafsiri menyu, fomu, ujumbe wa makosa, masharti ya matumizi, vitu ambavyo hakuna anayevifikiria mpaka vikosekane, na kila nikimaliza kazi najiuliza haya maneno yatamfikia nani, kwa sababu nimeona tovuti iliyotafsiriwa vizuri kabisa, kila neno limepimwa, alafu mtu anachagua Kiswahili leo na kesho akirudi anapokelewa kwa Kiingereza kama vile hamjawahi kuonana. Hela mlishatoa. Kazi ilishafanyika. Iko pale ndani ya seva, ile kompyuta inayotunza tovuti yenu, inasubiri na msomaji wake yuko mlangoni, kinachokosekana katikati ni kumbukumbu ya herufi mbili tu.

Nasema herufi mbili kwa sababu ndo ukweli wenyewe. Wakuu wengi mnaambiwa hili jambo gumu na mnakubali, kwa hiyo ngoja niwaeleze linavofanya kazi. HTTP, yale mazungumzo kati ya brauza, programu ya kufungulia tovuti, na seva, kwa asili yake haina kumbukumbu, kila ombi linafika kama limetoka kwa mtu ambaye seva haijawahi kumwona. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa anafanya kazi Netscape, akabuni kuki, wengine tunaziita vidakuzi: seva inaikabidhi brauza kikaratasi chenye maandishi machache, brauza inakitunza, na kila inaporudi kwenye tovuti ileile inakionyesha. Matumizi ya kwanza pale Netscape yalikuwa kujua tu kama mgeni ameshawahi kufika kwenye tovuti yao. Yaani tangu siku ya kwanza kabisa hiki kitu kilitengenezwa kwa ajili ya kumkumbuka mgeni. Na viwango vinaitaka brauza iweze kubeba kuki ya angalau baiti 4096, yaani kama herufi elfu nne, wakati Kiswahili kwenye orodha ya kimataifa ya alama za lugha kinaandikwa "sw", basi. Hakuna database mpya hapo, hakuna mashine mpya.

Sasa jioni ile baada ya shangazi kukata simu niliifungua hiyo fomu mwenyewe nikaichunguza mpaka nikaona tatizo. Chaguo la lugha walikuwa wamelihifadhi ndani ya sesheni, kumbukumbu ya muda ya ziara moja, palepale panapokaa taarifa za kuingia na vitu vya usalama, na sesheni inakufa mtu akikaa kimya kwa dakika kadhaa. Naelewa kabisa kwa nini sesheni inakufa, mtu anaweza kuacha kompyuta wazi mwingine akakaa hapo, ni ulinzi na ni sahihi. Lakini lugha ya mtu siyo siri, wala siyo nenosiri, hakuna mwizi atakayeiba chochote kwa kujua kwamba shangazi anasoma Kiswahili, kwa nini ife pamoja na hizo siri? Itoeni huko. Ipeni kuki yake yenyewe, ikae mwaka mzima, na kila mtu anapotembelea muihuishe ianze kuhesabu upya. Chrome tangu 2022 haikubali kuki ikae zaidi ya siku 400, lakini mkiihuisha kila ziara hizo 400 zinatosha sana, mtu asiyekuja kwa zaidi ya mwaka mkimuuliza upya hatalalamika.

Na nikagundua la pili hapohapo. Ukurasa wa malipo uko kwenye anwani nyingine kidogo, ile ya tovuti kuu imeanza na www na ile ya malipo imeanza na neno lingine, ingawa jina la mwisho ni lilelile. Kuki ikiwekwa bila kutaja domeini, yaani hilo jina la mwisho, inarudishwa kwa ule mlango ulioitoa peke yake, milango mingine ya nyumba hiyohiyo haiioni. Kwa hiyo hata kama shangazi angefika mwisho salama, kwenye kulipa, pale ambapo mtu anatakiwa aelewe kila neno kabla hajabonyeza, angekutana na Kiingereza tena. Kurekebisha hilo ni kuongeza maneno machache kwenye mstari mmoja unaoweka kuki. Nimeshaona timu tatu za kampuni moja, moja ya tovuti kuu, moja ya malipo, moja ya msaada kwa wateja, kila moja ina kitufe chake cha lugha na kila moja inaanza upya kukuuliza, na ukiwauliza wanasema upande wetu unafanya kazi vizuri. Na ni kweli, upande wa kila mmoja unafanya kazi. Anayeumia ni yule anayevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na huyo hana meneja wa kumsemea kwenye vikao vyenu, ndo maana nimewaandikia nyie mlio juu ya timu zote.

Kuna lingine ambalo naamini wengi wenu hamlijui kwa sababu halitokei kwenye kompyuta zenu. Safari, brauza ya Apple, tangu 2019 inazikata maisha kuki zilizoandikwa na JavaScript, skripti zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, haziishi zaidi ya siku 7, na mwaka 2020 ikaongeza na hifadhi nyingine za brauza zinazoandikwa na skripti, kama ile iitwayo localStorage, mtu akitumia brauza yake siku 7 bila kugusa tovuti yenu vinafutwa. Lengo lao lilikuwa kuwazuia wanaofuatilia watu mtandaoni na mi nawaunga mkono, ila angalieni kinachotokea: developa wenu anahifadhi lugha kwa JavaScript kwa sababu ndo njia ya haraka, anajaribu leo inakumbuka, kesho inakumbuka, mwezi mzima inakumbuka kwa sababu yeye anafungua tovuti kila siku na inaandikwa upya. Mtumiaji anayekuja mara moja kwa mwezi, kuangalia bili au kuchukua majibu au kusasisha taarifa zake, huyo kila akija ni mgeni, miaka yote. Dawa yake ipo na siyo kali: kuki ya lugha iwekwe na seva yenyewe kwenye jibu lake, siyo na skripti ya ukurasani, hapo ule mkato wa siku 7 hauigusi.

Mtasema sheria. Nimeambiwa hivo zaidi ya mara moja, "hatuwezi kukumbuka lugha mpaka mtu akubali kuki". Hebu tuliangalie hili vizuri maana linatumika kama kisingizio. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoleta haya mabango ya kuomba ridhaa ya kuki ni ile ya 2002 kuhusu faragha kwenye mawasiliano ya kielektroniki, iliyorekebishwa 2009, na Juni 2012 kundi la mamlaka za ulinzi wa data za nchi za Umoja huo lilitoa maoni yake kuhusu kuki zipi hazihitaji ridhaa, na wakazitaja waziwazi zile za mapendeleo ya mtumiaji kama lugha, pale mtu mwenyewe anapobonyeza kuichagua. Walisema msamaha huo ni kwa zile za muda mfupi, na ukitaka ikae muda mrefu zaidi, weka maelezo mafupi karibu na kitufe kwamba tutatumia kuki, hiyo inatosha kuwa ridhaa. Maneno machache chini ya kitufe! Wala hamhitaji bango linalofunika nusu ya skrini.

Na tukiwa hapohapo kwenye bango. Mara ngapi nimefungua saiti ambayo nilishachagua Kiswahili, alafu bango la kuomba ridhaa linakuja kwa lugha nyingine, kurasa na kurasa za maelezo ya kisheria, chini kuna vitufe viwili. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka ridhaa itoke kwa mtu aliyeelezwa na akaelewa, maelezo yawe kwa lugha rahisi na wazi. Mtu anayebonyeza kubali ili tu bango liondoke, hajui hata neno moja limesema nini, huyo kakubali nini? Shangazi anabonyeza cha kijani kila mara. Aliniambia mwenyewe, cha kijani ndo kinachoondoa.

Nije kwenye kukisia, maana hapa ndo penye hasira yangu zaidi. Kuna tovuti ambazo zinaangalia anwani ya IP ya mtu, ile namba ya muunganisho wake wa intaneti, zinakadiria yuko nchi gani, alafu zinaamua lugha. Nchi siyo lugha jamani. Uswisi ina lugha za taifa 4. Ubelgiji ina lugha rasmi 3. Afrika Kusini zilikuwa 11 na mwaka 2023 lugha ya alama ikawa ya 12. Kuna wahamiaji, kuna wanafunzi walioko nje, kuna madereva wa masafa, kuna mtu anatumia VPN, inayoficha mahali alipo, na tovuti inaamini yuko bara lingine. Mi mwenyewe nimewahi kusafiri, nikafungua akaunti yangu niliyoitumia miaka, ikanijia kwa Kijerumani kwa sababu tu ndege imenishusha Ujerumani, kana kwamba nimeshuka na kichwa kipya. Nilikuwa nimechoka na nina haraka na sijui neno la "mipangilio" kwa Kijerumani, nikabonyeza bonyeza mpaka nikajitoa kwenye akaunti. IP tumieni kukadiria mambo mengine kama mnataka, gharama za kusafirisha mzigo, sawa. Lugha yangu haihusiani na nyaya zilizopita intaneti yangu.

Kama lazima mkisie, na mara ya kwanza kabisa ni lazima kwa sababu mgeni hajasema chochote bado, basi kisieni kwa kitu ambacho mtu mwenyewe amekisema. Kila brauza ikiomba ukurasa inatuma mstari unaoitwa Accept-Language, unaosema mwenye kifaa hiki anapenda lugha zipi na kwa mpangilio gani, mfano "sw-TZ, sw;q=0.9, en;q=0.5", yaani Kiswahili cha Tanzania kwanza, kisha Kiswahili chochote, kikikosekana kabisa ndo Kiingereza. Huu mstari umekuwepo kwenye viwango vya HTTP tangu miaka ya 90 na uko mpaka kwenye toleo la 2022. Uko pale kila siku, kila ombi, bure, na bado kuna tovuti zinaupita kama hazijauona na kukimbilia IP. Na hata wanaousoma wengine wanausoma vibaya: tovuti ina Kiswahili imekiandika "sw", brauza inaomba "sw-TZ" au "sw-KE", kodi inalinganisha herufi kwa herufi, inaona hazifanani, inasema Kiswahili hatuna. Wanacho! Tangu 2006 kuna maelekezo rasmi ya namna ya kulinganisha, ukikosa unakata kipande cha mwisho unajaribu tena, "sw-TZ" unaikata inabaki "sw", umepata.

Ila naomba msinielewe vibaya, huo mstari ni wa salamu ya kwanza tu. Simu nyingi mipangilio yake iliwekwa na aliyeiwasha mara ya kwanza, mtoto wa nyumbani au fundi, kwa lugha aliyoizoea yeye, na mwenye simu ameiacha hivohivo kwa sababu anaogopa kuharibu. Simu ya shangazi iko kwa Kiingereza mpaka leo, anajua alama za picha zinafanya nini, maneno haangalii. Kwa hiyo akibonyeza Kiswahili kwenye tovuti yenu, hiyo bonyeza moja ina uzito kuliko brauza, kuliko IP, kuliko kila hesabu mnayoweza kufanya, kwa sababu ndo mahali pekee ambapo yeye mwenyewe kasema. Nimeona tovuti zinazosoma chaguo la mtu na Accept-Language pamoja na kumpa brauza ushindi. Siwezi kuelewa aliyeamua hivo alikuwa anafikiria nini. Mtu kakujibu usoni, wewe unaenda kuuliza jirani.

Wakuu, hili linalofuata ni lenu hasa, kwa sababu linahusu zile ripoti mnazoletewa. Nimekaa kwenye kikao ambapo meneja alionyesha chati akasema Kiswahili watu hawakitumii, angalieni wenyewe, wanafungua kwa Kiswahili wachache na wengi wao wanaishia kwa Kiingereza, kwa hiyo toleo lijalo tusitafsiri sehemu mpya. Kila mtu akatikisa kichwa. Lakini tovuti yenyewe ndo ilikuwa inawageuza! Mtu anachagua Kiswahili ukurasa wa kwanza, wa tatu unamtoa, chati inaandika kwamba huyu katumia Kiingereza. Akirudi wiki ijayo anahesabiwa wa Kiingereza tangu mlangoni. Akichoka kubadilisha na kuamua kuvumilia anahesabiwa ameridhika. Namba zilikuwa zinapima kasoro yenu wenyewe alafu mnazitumia kuamua kwamba watu wa lugha ile hawapo. Na hii haiko kwa Kiswahili peke yake, kila lugha ambayo siyo ile ya kwanza kwenye orodha yenu inapata hukumu hiyohiyo, na ikishapunguziwa tafsiri kurasa zinabaki nusu nusu, na zikibaki nusu nusu watu wanazikimbia kweli, hapo chati inasema mnaona. Kabla hamjafuta lugha yoyote naomba mpime kitu kimoja: wangapi waliichagua kwa mkono, na kati ya hao wangapi walihamia lugha nyingine kwa mkono. Waliohamishwa na mitambo wawekeni pembeni.

Kuna swali gumu kidogo na nimelifikiria sana, nalo ni la linki. Tuseme mi nimechagua Kiswahili, rafiki ananitumia linki ya ukurasa wenu wa Kiingereza, anwani yenyewe ina "en" ndani yake. Nifunguliwe nini? Wengine wanasema kumbukumbu ishinde, nigeuziwe moja kwa moja. Mi nasema hapana, hapo anwani ishinde, kwa sababu huenda tunajadili sentensi fulani ya Kiingereza palepale, au mi mtafsiri nalinganisha. Nionyesheni kilichoombwa, juu wekeni ukanda mdogo unaoniambia kwa Kiswahili kwamba ukurasa huu upo kwa Kiswahili pia, nikitaka nibonyeze, na msifute chaguo langu la zamani kwa sababu tu nimefungua linki moja ya mtu. Kufungua linki siyo kuchagua lugha, hivo vitu viwili mkivichanganya mtamgeuza mtu bila yeye kujua kilichomgeuza. Na kila lugha iwe na anwani yake kweli, siyo anwani moja inayobadilika rangi kwa kila anayekuja, kwa sababu roboti ya Google inapokuja kusoma kurasa haitumi Accept-Language na mara nyingi inaonekana imetoka Marekani, kwa hiyo mkigeuza watu kwa kukisia na hakuna anwani ya Kiswahili, ile roboti haitaona Kiswahili chenu kamwe na mtu akitafuta kwa Kiswahili hatawapata. Google wenyewe wanashauri anwani tofauti, na alama ya hreflang ya kuziunganisha ipo tangu 2011.

Madevelopa, mawili ya haraka kwenu. Mkimwelekeza mgeni kutoka ukurasa mkuu kwenda wa lugha yake msitumie jibu la seva namba 301, hiyo inamaanisha kuhama kwa kudumu na brauza inaruhusiwa kuikumbuka, mtu akibadilisha lugha baadaye brauza yake inampeleka kulekule kwa zamani bila hata kuiuliza seva. Tumieni 302, ya kuhama kwa muda. Na mkiwa na kashe, hifadhi ya nakala za kurasa, kati ya seva na watu iambieni kwamba jibu linabadilika kulingana na lugha, la sivyo lugha ya aliyefungua kwanza inagawiwa kwa wote wanaomfuata.

Alafu kitufe chenyewe. Kumbukumbu nzuri bila kitufe kinachoonekana inakuwa kifungo, maana kuna kompyuta moja watu wanne, kuna mtu kabonyeza kwa bahati mbaya akajikuta kwenye lugha asiyoijua hata herufi zake. Kiwe kila ukurasa, mahali palepale, na kila lugha iandikwe jina lake kwa lugha yake yenyewe: Kiswahili, Deutsch, Français. Anayetafuta Kiswahili hawezi kukipata kimeandikwa kwa herufi za Kirusi ndani ya orodha ya Kirusi. Bendera achaneni nazo, Kiswahili mtakiwekea bendera ya nchi gani na wengine mtawaambia nini? Na mtu akibadilisha abaki palepale alipo, kwenye ukurasa uleule, na alichoandika kibaki. Hili la mwisho lingemwokoa shangazi hata kama yale mengine yote yangekuwa yameharibika.

Wenye akaunti, lugha iandikeni kwenye akaunti pia, mtu akiingia kwa simu mpya imfuate, na barua pepe na meseji mnazomtumia zije kwa hiyohiyo. Ujumbe wa kubadilisha nenosiri kuja kwa lugha ambayo mtu haisomi ni hatari kabisa, hajui kama ni nyie au ni tapeli.

Na msisahau wasioona. Nina mwenzangu kazini anatumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Tovuti nyingi zikibadilika kwenda Kiswahili zinabadilisha maneno tu, ule mstari wa juu ndani ya ukurasa unaotaja lugha unabaki "en", basi programu yake inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Alinisikilizisha siku moja. Sikuelewa hata sentensi moja, na ilikuwa tafsiri niliyoiandika mimi. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, tangu 2008 imeliweka hili kwenye ngazi ya chini kabisa, ile A, yaani la lazima kabla ya mengine. Kukumbuka lugha ya mtu ni pamoja na kuiambia mashine yake lugha hiyo ni ipi.

Nawaomba kabla hamjanijibu mfanye jaribio hili, na mlifanye nyie wakuu wenyewe, msimtume mtu. Chukueni simu ambayo haijawahi kufungua tovuti yenu. Chagueni lugha moja kati ya mlizonazo ambayo nyie hamuisomi. Anzeni kujaza fomu yenu ndefu kuliko zote, katikati muiache nusu saa, rudini mmalizie mpaka kwenye malipo. Alafu itumieni hiyo simu kwa mambo mengine siku 8 bila kugusa tovuti yenu, ndo muifungue tena. Kila mahali mlipoona lugha imebadilika bila nyie kugusa pigeni picha, wapeni timu zenu zote tatu kwa pamoja, ndani ya chumba kimoja.

Mi Jumamosi naenda kwa shangazi. Cheti alishakipata, ameniambia amekiweka juu ya meza tayari, na ameniomba nikifika nikae upande wa dirisha ili nimsomee ukurasa wa tatu vizuri. Kuanzia hapo mpaka wa tano nitakuwa namtafsiria kwa mdomo maneno ambayo yapo tayari kwa Kiswahili ndani ya seva yao.

Nasubiri majibu yenu.

Mtafsiri, na mpwa wa mtumiaji wenu